Kamera ya joto haioni ndani ya slabu

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na mafundi wenzangu wa hapa Malindi na wenye nyumba pia, manake kuna mtindo unaenea haraka na naogopa utaua mtu. Siku hizi ukiitwa kukata sakafu ama kutoboa slabu upitishe bomba la choo, unakuta mtu ashafika na ile kamera ya joto ya kuchomeka kwa simu, anaipitisha juu ya sakafu mara moja mbili, picha yote rangi moja, anasema hapa hakuna kitu, toboa. Na mwenye nyumba anaridhika kwa sababu ameona picha.

Hiyo kamera haiwezi kukwambia hakuna kitu. Haioni ndani ya zege hata kidogo, inapima joto la pale juu tu. Kilichozikwa kitaonekana kama kina joto ama baridi tofauti na zege iliyokizunguka, na hiyo tofauti imepata muda wa kupanda hadi juu. Kwa nchi za baridi inasaidia sana kwa sababu kule nyumba nyingi zina mabomba ya maji moto chini ya sakafu ya kupasha vyumba, wanawasha, wanangoja, mistari yote inajitokeza kabla ya kukata. Huku kwetu hakuna anayepasha sakafu. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya Barani na Muyeye zinatumia shawa ya stima inayochemsha maji palepale kichwani, kwa hivo bomba lililo chini ya taili limebeba maji ya kawaida, joto lake na la slabu ni lilelile, utapitisha kamera mpaka betri iishe na bomba lipo chini ya mguu wako.

Waya wa stima vilevile. Kama hauna mzigo, yaani hakuna kifaa kinachovuta stima kupitia huo waya, haupati joto, kamera haiuoni, na volti 240 zimo ndani zinangoja drili yako. Nimeona kondiuti, lile bomba la kupitishia nyaya, ikitobolewa baada ya picha "safi" na yule kijana alipona kwa sababu tu brekaa iliruka. Chuma cha slabu nacho hakionekani, na kwa majengo makubwa ya hoteli kuna zile nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani ya slabu ndo zinaibeba, ukikata moja slabu inapoteza nguvu na waya wenyewe unaweza kuruka ukaumiza mtu. Hapo bila ramani ya injinia usiguse, na kama ramani imepotea aletwe mtu wa rada ya kupima zege, gharama yake ni ndogo kuliko jengo.

Sisemi kamera itupwe. Mimi mwenyewe naipenda, lakini lazima uipe kitu cha kuona. Nyumba yenye solaa ya maji juu ya paa, fungua maji moto yatiririke kwa muda kisha ungoje, manake paipu za pipiara ni plastiki na zinapitisha joto polepole. Bomba lililo karibu na juu linatoa mstari mwembamba, lililo chini zaidi linatoa utando mpana uliofifia, kwa hivo usitoboe karibu na ukingo wa huo utando ukidhani umelikwepa. Kama hakuna solaa kuna tangi jeusi huko juu, jua la mchana linayapasha maji yake, basi jioni yafungulie na uangalie kabla slabu nayo haijabadilika. Waya uwekee mzigo mkubwa kwanza, shawa ama birika, mstari unaweza kutokea hafifu. Ukimaliza kuangalia zima meni swichi ndo utoboe, na hapo watu wengi wanasahau.

Slabu ya juu iliyopigwa na jua usiipime saa sita, kila kitu kinawaka sawasawa. Ngoja jua litue, na kama ni slabu ya bloki zenye matundu, mara nyingi utaona hata mbavu zake, ile mistari ya zege inayopita kati ya bloki, ukiangalia kutoka chini, na mbavu ndo sehemu ya kuepuka kabisa. Taili zinazong'aa nazo zinadanganya, zinarudisha joto la mwili wako, sogea kidogo, doa likikufuata basi ni wewe. Maji yaliyomwagika yanakauka na kupoza sakafu, yanachora kitu kinachofanana na bomba linalovuja.

Baada ya hayo yote bado pitisha kifaa cha kutafuta chuma na nyaya, hicho kinatumia sumaku na hakijali joto. Vyote viwili vikinyamaza, anza na tundu dogo la kina kifupi, taratibu. Nyumba zetu zinakula hewa ya chumvi, chuma kilichokatwa na kuachwa wazi kinashika kutu, kutu inavimba na inapasua zege, kwa hivo hata pale ambapo hakuna anayeumia hasara inakuja baadaye.

Na wenye nyumba mnaojenga sasa hivi, tafadhali kabla zege haijamwagwa pigeni picha za mabomba na kondiuti zote, wekeni futi ya kupimia kutoka ukutani ionekane ndani ya picha, na mzihifadhi pamoja na hati ya shamba. Fundi akija miaka kumi baadaye mwonyesheni hizo kwanza.

Fundi wa mabomba,
Malindi