Usijaribie spika kwa wimbo, njoo na flashi uchukue sauti zetu za majaribio bure

Wiki iliyopita katibu wa kwaya moja ya huko Kongwa katushushia spika mbili hapa dukani Majengo, anasema fundi hizi zimekufa, bezi hakuna kabisa. Umezijaribu na nini mama? Na wimbo wetu wenyewe. Haya, tukachomeka flashi yetu tukapiga ile sauti ya "shhhh" kama mvua kwenye bati, ikaja nyembamba imetawanyika, ukisimama katikati hujui hata inatokea wapi. Tukageuza waya wa spika moja tu, nyekundu kwenye nyekundu, bezi ikarudi palepale. Spika nzima kabisa, ila moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake anavuta, zinakatana. Na Noah ya watu alishaikodi kwenda na kurudi.

Wimbo unaficha sana bwana. Gitaa lipo, kinanda kipo, watu wanaimba, sikio linajazia lenyewe pale panapokosekana. Sauti ya majaribio haina pa kujificha: toni ya hertz 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde) ni toni basi, ikikwaruza ujue kuna kitu. Kwenye flashi kuna hiyo toni, kuna ile ya mvua, kuna inayopanda toka hertz 20 mpaka 20,000 (hapo ndo utasikia boksi lenye skrubu iliyolegea linavyotetema, mara nyingi wala sio spika), na nyingine inalia kushoto peke yake halafu kulia peke yake, hii inaokoa ndoa za watu siku ya sendofu nakwambia.

Zote tumetengeneza wenyewe na kuzihifadhi kwenye Ogg (aina ya faili la sauti, kama MP3), hamna mtu wa kukudai. Maana kuna makanisa yanarusha ibada laivu, fundi anajaribu mitambo na wimbo wa msanii, kesho video imezimwa sauti kisa hakimiliki. Na msichanganye mambo, kugeuza wimbo wa mtu kuwa Ogg hakuufanyi uwe wako, fomati ni chombo tu, kilichomo ndani kina mwenyewe.

Mnauliza kwa nini Ogg Vorbis na sio MP3. Vorbis ni njia ya kubana sauti inayokaa ndani ya faili la Ogg, ni ya shirika la Xiph.Org, toleo 1.0 lilitoka 2002, na tangu mwanzo yeyote anaitumia bila leseni, wakati MP3 ilikuwa na wenyewe wanaokusanya hela mpaka 2017. Kwa sasa MP3 nayo ni bure, sitawadanganya. Sisi tunachopendea Ogg ni kwamba ukiiweka ijirudie haikatiki, MP3 huwa inabandika kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, unabaki unajiuliza ni waya au ni faili. Halafu hata voisi noti za WhatsApp zinakaa humohumo kwenye Ogg, ila ndani ni Opus, njia nyingine ya kubana sauti, kwa hiyo sio kitu kigeni kama mnavyodhani.

Shida ipo moja, sabufa nyingi za bei rahisi hazisomi Ogg, ukichomeka inakaa kimya. Ndo maana tunakuwekea na WAV, faili la sauti isiyobanwa, nzito kidogo, kama MB 10 kwa dakika, lakini inasomeka karibu kila mahali.

Mwenye kompyuta asihangaike kuja, afungue Audacity (programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti), sehemu ya kutengeneza toni, aandike 1000 na sekunde 10, kisha aihifadhi kama Ogg. Wale wa ffmpeg (programu ya kuandikia amri) ni mstari mmoja:

ffmpeg -f lavfi -i "sine=frequency=1000:duration=10" -c:a libvorbis toni.ogg

Ila tafadhali, anza na volyumu chini kabisa ndo upandishe taratibu. Toni haipumui kama muziki, inapiga sehemu moja mfululizo, na twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zikiungua hazinuki sana, zinanyamaza tu. Jumamosi tumebadilisha mbili za jamaa wa Kizota aliyeweka hertz 10,000 volyumu mwisho akaenda kunywa chai.