Kabureta husingiziwa makosa ya tangi

Mhariri,

Makala mliyoichapisha wiki jana katika ukurasa wa magari iliwashauri wenye magari ya zamani ya mbio kung'oa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na kufunga mfumo wa kisasa unaopuliza mafuta kwa umeme, eti kwa kuwa kabureta hazitegemeki. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na kwa miaka tisa nimekuwa nikilitunza gari la Datsun 240Z la mwaka 1972 nililoachiwa na marehemu mjomba wangu, nami naomba nafasi ya kumpinga mwandishi kwa yale yaliyonipata mwenyewe.

Gari la aina hii ndilo alilolishindia Edgar Herrmann mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973, yote mawili kwa kabureta, katika tope na vumbi ambalo wasomaji wa umri wangu wanalikumbuka vizuri. Kwa hiyo neno "hazitegemeki" ni la kutumiwa kwa uangalifu.

La kwangu lilikuwa likiwaka asubuhi kwa mguso mmoja na kutembea mjini bila wasiwasi, lakini kila nilipoanza kupanda mlima wa Mazeras na kukanyaga mafuta hadi chini, injini ilikohoa, ikaishiwa nguvu, na mwishowe ikazima. Nikilipumzisha dakika kumi kando ya barabara, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gereji ya kwanza ilifungua kabureta zote mbili na kubadilisha mipira yake. Ya pili ikaweka sindano mpya na kuzungusha nati za kurekebisha mchanganyiko wa petroli na hewa hadi plagi zikawa nyeusi kama masizi. Nililipa kote kuwili, na gari likarudi na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kosa lenyewe lilikuwa likijieleza waziwazi, ila hakuna aliyelisikiliza. Kabureta iliyorekebishwa vibaya husumbua hata gari likiwa limesimama linanguruma, wala haisamehi baada ya dakika kumi. Injini inayokata pumzi mlimani tu, kisha ikapona kwa kupumzika, inaonyesha kwamba kibakuli cha kabureta, ambamo petroli hukaa kabla ya kuvutwa na injini, kinamalizwa mafuta upesi kuliko kinavyojazwa, na hapo swali la kuuliza ni nini kinachoyazuia mafuta njiani.

Fundi mmoja mzee wa Changamwe aliuliza swali hilo bila kugusa bisibisi. Alichomoa waya wa koili ili pasitoke cheche, akasubiri eksozi ipoe, akavua mpira wa mafuta upande wa kabureta na kuutia mdomoni mwa chupa angavu, kisha akaniambia nipige stata. Petroli ilitoka kwa mikupuo mizuri, halafu mikupuo ikapungua, ikabaki matone. Tukalegeza kifuniko cha tangi tukidhani tundu lake la hewa limeziba, lakini hali haikubadilika. Alipopuliza bomba kwa pampu ya baiskeli kuelekea nyuma na mimi nikapiga stata tena, mafuta yalikuja kwa nguvu. Ile chupa tuliiweka juu ya jiwe chini ya mwarobaini, na kabla hatujamaliza chai, chini yake palikuwa pametuama unga mwekundu kama udongo wa Voi.

Ulikuwa ni kutu ya tangi lililokaa nusu tupu miaka mingi katika hewa hii yetu ya chumvi. Injini ilipovuta kwa nguvu, kutu ilijazana mdomoni mwa bomba. Gari lilipopumzika, ikadondoka. Tuliteremsha tangi, tukaliosha, tukaweka chujio jipya. Kabureta zenyewe zilihitaji tu oili ndani ya vikombe vya juu, na nati kurudishwa mizunguko miwili na nusu kutoka juu, ambacho ni kipimo cha kuanzia. Mazeras sasa napanda bila kusimama.

Sikatai kwamba muundo huu una udhaifu. Katika injini hii kabureta zimekaa juu ya eksozi, upande mmoja, na ukizima gari baada ya safari ndefu petroli huchemka ndani ya vibakuli, nawe utahangaika kuliwasha. Bati la kukinga joto, na boneti kuachwa wazi kidogo, hupunguza sana adha hiyo. Lakini mfumo wa umeme anaousifu mwandishi una pampu ya shinikizo kubwa na vipulizio vyenye matundu membamba kuliko ya kabureta, na kutu ile ingeviua mapema zaidi, kwa gharama ambayo sitaki hata kuihesabu.

Namwomba basi mwandishi atujibu katika toleo lijalo: magari aliyoyataja, kabla ya kabureta zake kutupwa, kuna aliyeyachungulia matangi yake?

Msomaji wenu,
Mombasa