Tumbawe Linang'aa Juu, Chini Jeupe: Usikimbilie Taa Kubwa

Simu tunayoipokea mara nyingi kuliko zote ni hii: "Fundi, tumbawe langu la kwenye tangi la nyumbani kwa juu liko sawa kabisa, lakini chini linageuka jeupe. Ninunue taa yenye nguvu zaidi?" Sisi ni wauza taa, kwa hivyo jibu letu huwashangaza wengi. Hapana. Punguza hiyo uliyo nayo, kisha utafute nyingine ndogo uiweke upande wa pili.

Juzi tuliitwa Nyali, hapa Mombasa, kwa mzee mmoja mwenye tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Mawe ameyapanga yakainuka kama kichuguu, na pale kileleni kakaa Acropora, tumbawe la matawi, mkubwa wa kuenea bakuli la uji. Taa ni moja ya LED, imening'inia katikati. Ukisimama ukachungulia kutoka juu unaona zambarau tupu, raha ya macho. Ukichuchumaa mbele ya kioo, pale mzee anapokaa na kahawa yake kila jioni, unaona matawi yaliyofifia rangi ya udongo, na vishina vimebaki mifupa.

"Mwanangu, nimeongeza nguvu ya taa mara mbili, na bado," akatwambia.

Tulizamisha kipimo cha mwanga, kile kinachohesabu mwanga ambao mimea inaweza kuutumia, maarufu kama PAR. Juu ya tawi kilisoma 340. Tukakipeleka nyuma ya tawi lilelile, vidole viwili tu kutoka pale, kikashuka hadi 30. Wafugaji wengi wa Acropora hulenga kati ya 200 na 350, kwa hivyo mzee alikuwa na mwanga wa kutosha, ila wote ulikuwa unatua upande mmoja. Na kila alipoongeza nguvu, sehemu ya juu ilizidi kuchomeka na kivuli kikabaki kivuli.

Ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Hao ndio wapishi: wanatumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo huliwa na tumbawe lenyewe. Mwanga usipofika, jiko limezimika, na nyama ya sehemu hiyo hukonda polepole hadi ikaachia mfupa.

Baharini jua halikai mahali pamoja. Huku kwetu hutokea upande wa maji, mchana huwa utosini (Machi na Oktoba ni utosini kwelikweli), jioni likashukia bara. Tawi lililokuwa gizani asubuhi hupata zamu yake alasiri. Juu ya hayo, mawimbi hutawanya miali, na mchanga mweupe hurudisha mwanga kwenda juu. Hata hivyo, msitu mnene wa matumbawe huwa na vishina vitupu hata baharini, kwa hivyo usitarajie kila sentimita ya tumbawe lako iwe hai. Na jamani, msituombe tuwachomolee tumbawe kule nje. Hifadhi ya bahari ya Mombasa inalindwa tangu 1986, na hata isingelindwa tusingefanya.

Kuna jambo moja ambalo wengi hukosea. Wanasikia "mwanga wa pembeni", wanaenda kuilaza taa ubavuni mwa kioo. Matokeo yake ni mwani wa kijani kwenye kioo chote, na mwanga unaowachoma macho wageni sebuleni. Mwali ukiingia majini kutoka hewani hupinda kuelekea chini. Hata jua la magharibi kabisa, likishaingia majini, haliwezi kulala zaidi ya digrii 49 hivi kutoka wima. Kwa hivyo taa zikae juu ya maji, moja karibu na kioo cha mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiinamia katikati kidogo tu. Taa ndefu nyembamba hufanya kazi hii vizuri kuliko taa fupi kali, kwa sababu mwanga wake hutoka mahali pengi na kivuli chake ni laini.

Ile ya mbele ina faida nyingine. Taa ikiwa nyuma ya tumbawe, wewe unayetazama unaangalia upande wenye giza, na rangi uliyoilipia pesa inaonwa na ukuta.

Kabla ya kutuita, jaribu hili. Chukua kipande cha bomba jeupe la PVC, kikiwa kisafi, ukisimamishe kando ya tumbawe taa zikiwa zimewaka. Ukiona upande mmoja umeng'aa na mwingine mweusi, na mpaka kati yao umekatika kama wembe, umeshapata jibu. Mpaka ukiwa hafifu, tatizo liko kwingine. Na kama nyama inabambuka kwa siku moja au mbili, inaning'inia kama karatasi iliyolowa, hicho si kivuli. Pima joto na chumvi ya maji siku hiyohiyo, hasa wakati wa kaskazi.

Ukishafunga taa ya pili, usiwashe zote kwa nguvu uliyoizoea. Mwanga wake hujumlishana pale juu, na tumbawe lililozoea kivuli hupauka likishtukizwa. Sisi huanza na nusu kwa kila taa, tukapandisha kidogo kila wiki kwa muda wa mwezi.

Kwa mzee wa Nyali, fundi wa kuchomelea alitutengenezea fremu ya kutundikia taa mbili, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu. Wiki ya sita kipimo nyuma ya tawi kilisoma 140. Nyama imeanza kutambaa kushuka kwenye matawi mawili. Vishina vya chini kabisa vimeshaota mwani na havitarudi. Tulimshauri akate vichwa vilivyo hai, avipande upya kwenye jiwe la chini. Bado anafikiria.

Ukitaka tuje kupima, taa iwe imewaka kwa nguvu yake ya kawaida walau saa moja kabla, na usisafishe kioo wala lenzi za taa. Tunataka kuyaona yalivyo kila siku, chumvi na yote.