Mwenyeji hajapona, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Mengi nimeyasoma, nikakunja gazeti, nikaendelea na shughuli zangu. Ila habari mliyoitoa wiki iliyopita, ya timu ya kanisa kutoka Marekani iliyokuja huku Hai kutoa matibabu bure, imenishinda kuinyamazia. Mmeipa nusu ukurasa na kichwa cha habari "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mmetuwekea picha ya kijana wa chuo akimvika mtoto wetu shingoni kile kifaa cha kusikilizia moyo, wote wawili wanacheka. Mmemnukuu mchungaji, mmemnukuu kiongozi wa msafara, mmemnukuu na diwani. Mgonjwa hata mmoja hamkumnukuu, wala nesi wa zahanati iliyo hatua chache tu kutoka ukumbi wa kanisa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimetumika katika zahanati za vijijini huku kwetu mpaka nilipokabidhi funguo, na timu hizi nimeziona zikija na kuondoka. Zinatua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, zinapokewa kwa kwaya na mashada ya maua, Jumapili zinatambulishwa ibadani, Jumatatu ukumbi wa usharika unageuzwa hospitali: mabenchi yanakuwa vitanda, meza ya wazee wa kanisa inakuwa duka la dawa. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, wengine wametoka tambarare huko chini kwa bodaboda na kwa miguu, kwa sababu wametangaziwa kwamba wamekuja madaktari kutoka ng'ambo. Mgonjwa anaonwa dakika chache, anapewa dawa ya minyoo, ya maumivu na vitamini. Ikifika Alhamisi masanduku yamefungwa, wageni wameelekea Ngorongoro, na wakitoka huko ni uwanja wa ndege.

Siku hizo zahanati inabaki tupu. Nesi wake ameombwa na mchungaji akatafsiri ukumbini, na atakataaje mbele ya usharika mzima? Akina mama waliopanda na watoto mgongoni kwa ajili ya mizani na chanjo wanakuta mlango umefungwa. Hilo nalo hamkuliandika.

Sasa nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Jirani yangu mmoja, bibi wa rika la mama yangu mdogo, alikuwa na presha ya muda mrefu. Tulihangaika naye mpaka ikatulia. Kila mwezi alikuja na kadi yake ya kliniki, akapimwa, akachukua vidonge vyake vya kawaida, ambavyo zahanati ikiishiwa havikosekani duka la dawa la pale sokoni. Timu ikaja, naye akaenda kama wenzake. Daktari mgeni alimpima, akavitazama vidonge vyake, akamwambia aviache, akampa vingine: kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake, vya siku 30. Vilitiwa katika kimfuko cha plastiki, maelekezo yameandikwa kwa kalamu, kwa Kiingereza, na jina la dawa limefupishwa kwa herufi tatu. Nilipokwenda kumsalimu alikitoa kimfuko hicho kwenye pindo la khanga, alikokifunga pamoja na hela yake ya sadaka. "Sista," akaniambia, "hizi ndizo dawa zenyewe. Zile zenu zilikuwa za kutuliza tu." Nikamuuliza, "Bibi, zikiisha utapata wapi nyingine?" Akanijibu, "Si watarudi?" Nikamsihi arudi kliniki, nikamsihi na binti yake. Vile vya zamani alikuwa ameshampa dada yake. Vipya vilipoisha, dawa ile haikuwepo zahanati, haikuwepo kituo cha afya, na Moshi mjini ilipatikana kwa bei ambayo mwanawe hakuiweza. Akawa anangoja wageni. Asubuhi moja alikuwa anawakatia ng'ombe majani, mkono wa kulia ukalegea, panga likamponyoka, akaanguka palepale mgombani. Kiharusi. Hakufa, ila hajasimama tena kwa miguu yake. Binti yake ameacha kibarua chake Arusha, amerudi kumgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko. Na ukifungua vitabu vya MTUHA vya zahanati, ambamo kila mgonjwa tuliyemwona tulimwandika jina, umri, ugonjwa na dawa aliyopewa, humkuti bibi huyu siku aliyobadilishiwa dawa. Wageni waliandika kwenye karatasi zao, karatasi zikaondoka nao. Katika taarifa waliyoisoma kanisani kwao bila shaka yumo, katika hesabu ya waliohudumiwa.

Sisemi daktari yule alimtakia mabaya. Nasema alifanya jambo ambalo mganga mfawidhi yeyote wa zahanati angejua asilifanye: kumhamisha mgonjwa wa presha kutoka dawa inayopatikana kwenda dawa isiyopatikana, kisha kupanda ndege. Ugonjwa wa presha hauna matibabu ya wiki moja. Kisukari hakina, kifafa hakina. Magonjwa haya yanataka mtu yuleyule, daftari lilelile, mwezi baada ya mwezi, na mtu huyo tunaye. Jina lake ni nesi wa zahanati, yule aliyetolewa kazini akatafsiri.

Na mwandishi wenu hakuuliza hata swali moja la sheria. Daktari wa nje hawezi kuja tu akatibu watu nchini hapa. Sharti apate usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi vilevile kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Dawa zinazoingizwa nchini zinapita kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya misaada ya dawa tangu 1996, ikataka dawa ziwe zinazohitajika nchi inakopelekwa, zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake, na maelekezo yawe ya lugha inayofahamika kwa wahudumu wa huko. Masanduku yale ya ukumbini nani aliyafungua akasoma tarehe? Yule kijana wa chuo mliyempiga picha anasomea nini? Kwao angeruhusiwa kumgusa mgonjwa? Kama kwao haruhusiwi, kwetu ameruhusiwa na nani?

Msinione mkali. Majirani zetu Uganda wameshalipia jambo hili. Mmarekani Renee Bach alifika Jinja mara ya kwanza mwaka 2007, kijana wa kujitolea, hakuwa daktari wala nesi. Mwaka 2009 akaanzisha kituo kwa jina la imani, kikawa kinapokea watoto wenye utapiamlo mkali. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifia humo. Mama wawili walimshtaki mwaka 2019, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya fidia bila yeye kukiri kosa. Kabla ya hapo, Januari 2010, mara tu baada ya tetemeko la Haiti, kikundi cha Wabaptisti 10, wengi wao kutoka Idaho, kilikamatwa mpakani kikiwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Wakasema ni yatima. Ikaja kuonekana kwamba wengi wao wana wazazi hai. Hawa wote walikwenda kwa jina la imani, na kila safari ya namna hiyo ina nauli yake.

Nauli ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtafiti Kurt Ver Beek, aliyeishi Honduras miaka mingi, alichunguza nyumba walizojengewa watu baada ya tufani Mitch ya 1998. Nyumba iliyojengwa na timu ya wageni, ukijumlisha na safari zao, ilifika wastani wa dola 30,000. Mashirika ya wenyeji yalijenga nyumba ya namna hiyohiyo kwa takriban dola 2,000. Sasa tuje kwetu. Tiketi ya mtu mmoja kutoka Marekani hadi KIA na kurudi kwa kawaida inazidi dola 1,000, lakini tuseme 1,000 tu, na dola moja tuihesabu shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 2,500,000. Kwa kiwango tulichokizoea cha CHF Iliyoboreshwa, ule mfuko wa bima ya afya ya jamii, shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, tiketi moja ingezikatia bima kaya 83, karibu watu 500, mwaka mzima, si siku nne. Mtu mmoja asipopanda ndege, watu 500 wana kadi. Timu nzima isipopanda, unamaliza kata. Hesabu hii niliwahi kumpelekea kiongozi wetu mmoja wa kanisa. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia wageni wakiacha kuja, urafiki na sharika za nje utapoa. Nikamuuliza urafiki gani huo unaopoa rafiki asipokuja kupiga picha. Hakunijibu, na tangu siku hiyo sijaitwa tena kwenye kamati ya afya.

Na hizo picha nazo! Mjukuu wangu alinionesha kwenye simu picha ya mtoto wa kijiji chetu, kidonda mguuni, kaptura imechanika, imewekwa na mmoja wa wageni na ombi la michango chini yake. Mama wa mtoto yule anauza ndizi sokoni, hakuombwa ruhusa. Mtoto ana kaptura nyingine nzima na ana sare ya shule. Siku ile alikuwa anachezea tope kama watoto wote wanavyocheza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mbona haifiki kanisani? Na walimu wetu nao, wanakatisha vipindi na kuwatoa watoto darasani wakaimbe barabarani magari ya wageni yanapopita, wengine wana mtihani wa darasa la saba mbele yao. Mwalimu mkuu anayethubutu kufanya hivyo kwa msafara wa harusi angeandikiwa barua siku hiyohiyo.

Sitaki mtu aseme nawachukia wageni au nawasahau wamisheni. Hospitali ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa 1971, na fedha nyingi za kuijenga zilitoka makanisa ya nje. Wengi wetu tumetibiwa pale, tumejifungulia pale, na madaktari wetu wanafundishwa pale hadi leo. Mmisheni Mjerumani Bruno Gutmann alikuja huku Uchagani mwaka 1902 na akaondoka kwa mara ya mwisho 1938, amezeeka miongoni mwetu, anajua koo na mashamba. Wale walikuja kukaa. Na wale waliotoa fedha za KCMC, wengi wao hata Kilimanjaro hawakuuona.

Ninachokitaka ni hiki. Usharika ukiandika barua ya mwaliko, nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na jibu lake lisomwe ibadani kabla wageni hawajakata tiketi. Daktari mgeni akae chumba kimoja na mganga mfawidhi wa zahanati, humo humo zahanati, atumie dawa zilizopo humo, na kila mgonjwa aandikwe MTUHA. Dawa ya presha, ya kisukari au ya kifafa ya mtu yeyote isibadilishwe na mtu ambaye hatakuwepo mwezi ujao. Asiye daktari wala muuguzi asishike mgonjwa. Kama ana nguvu na moyo wa kutumika, choo cha zahanati kina karibu mwaka hakina mlango, na fundi seremala yuko hapo sokoni, amlipe na amsaidie kubeba mbao.

Nasikia timu nyingine inatarajiwa mwezi wa saba. Mtume mwandishi wenu, lakini asije siku ya mapokezi. Aje wageni wakishaondoka, mwezi mmoja baadaye, siku ya kliniki ya presha. Aombe kuoneshwa kadi, ahesabu waliorudi na ambao hawakurudi. Kisha anipitie nyumbani, nitampeleka kwa bibi yule, binti yake akikubali.

Muuguzi mstaafu,
Hai, Kilimanjaro