Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Mombasa: Kobe wa kidimbwini si kasa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kisauni. Nakuandikia juu ya kidimbwi kilicho nyuma ya nyumba zetu, ambacho nusu yake sasa ni kifusi.

Mwezi wa Februari kilikuwa kimekauka, tope limepasuka vigae vigae. Malori ya mwenye kiwanja yakaanza kumwaga. Vibarua walipochimba msingi wa ukuta pale ukingoni, majembe yaligonga vitu vigumu kama mawe. Walikuwa kobe sita, wazima, wamejifukia chini ya tope. Vijana wetu wakawaonea huruma, wakawatia ndooni na kuwapeleka ufuoni. "Kasa hawa, warudi kwao," walisema. Nilifika mbio amebaki mmoja tu.

Nilimshika. Aliikunja shingo ubavuni, akaficha kichwa, kisha kipande cha mbele cha gamba la tumboni, cha manjano, kikapanda na kufunga kama mlango wenye bawaba. Kasa hawezi hivyo, hata kichwa hakiingii gambani. Kasa ana makasia. Huyu ana miguu yenye kucha. Ni kobe wa maji matamu, wataalamu humwita Pelusios castanoides, na kwao ni vidimbwi na vinamasi kama hiki chetu. Hula konokono, vyura na wadudu.

Baharini hana maisha. Kasa ana tezi karibu na macho za kutolea chumvi, ndiyo maana humwona akitokwa na machozi akipanda ufuoni kutaga. Huyu wetu hakujaliwa hizo. Ni kweli jamaa yake wa Ziwa Turkana na mto Nile, yule mkubwa mwenye gamba laini kama ngozi na pua ndefu ya kuchomoza juu ya maji, amewahi kuonekana ndani ya Bahari ya Mediterania. Lakini huyo ni mwingine kabisa.

Mwenye kiwanja aliniambia alikikagua kidimbwi, hakuona maji wala mnyama. Namwamini. Alikuja kiangazi, na kiangazi kobe hawa hujifukia topeni, wakakaa bila kula wakisubiri mvua.

Kwa hivyo naomba, Mheshimiwa, kiwanja chenye kidimbwi kikaguliwe wakati wa masika kabla ya mtu kuruhusiwa kukijaza. Kobe wakipatikana, waitwe watu wa wanyamapori. Na vijana wetu waelezwe watazame miguu kwanza: mwenye makasia ni wa baharini, mwenye kucha arudishwe kidimbwini.

Yule mmoja nilimrudisha kwenye nusu iliyosalia, upande wa minazi. Mvua imeanza, na juzi alfajiri niliona pua yake ikichomoza majini. Tafadhali uje ukione kidimbwi hiki kabla malori hayajarudi.

Wako,
Mkazi wa Kisauni