Chekechea yenye zamu za wazazi: uangalie nini kabla ya kulipa ada

Ikifika Novemba tunaanza kupokea wazazi wanaotafuta nafasi ya Januari, na wengi hushtuka kidogo tukiwaambia kwamba hapa mzazi naye ana zamu darasani. Swali linalofuata tumeshalizoea: "Sasa ada ninayolipa ni ya nini?" Swali la haki kabisa. Shule yoyote yenye utaratibu huu inapaswa kulijibu bila kuzungukazunguka.

Kwetu ada inalipa mwalimu aliyesomea kazi yake, kodi ya jengo na uji. Zamu haipunguzi hata shilingi ya gharama hizo. Inachoongeza ni macho na mikono. Kiwango kilichowekwa Tanzania kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na aliyewahi kushinda na watoto watatu tu wa umri huo anajua hao 25 ni wengi kiasi gani. Saa nne uji unafika: mmoja anataka chooni, mwingine kamwaga kikombe, wa tatu analilia sweta lake. Mwalimu akiwahudumia hao, waliobaki wanamngoja. Akiwepo mtu mzima wa pili, mwalimu anaweza kukaa mkekani na watoto watano wanaohesabu vizibo vya soda, akamsikia kila mmoja anavyohesabu.

Wala si jambo geni. Marekani chekechea za ushirika wa wazazi zilianza Chicago mwaka 1916. Huku kwetu pwani, mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, alianza kazi ya chekechea Mombasa miaka ya 1980, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Aga Khan Foundation, na zikazaliwa chekechea za madrasa zinazoendeshwa na jamii yenyewe, kwa vifaa vya kuchezea vinavyotengenezwa kwa vitu vya palepale. Baadaye mpango huo ukaingia Zanzibar na Uganda.

Ukienda kuangalia shule, uliza cheti cha usajili kwanza, halafu omba kuona ratiba ya zamu yenyewe, ile iliyobandikwa ukutani. Majina ni ya kina mama watupu? Au ni walewale watatu kila wiki? Kisha uliza mzazi akifika anafanya nini. Ukijibiwa "anasaidia tu," jihadhari, kwa sababu mzazi asiye na kazi maalumu huishia kumfunga mwanawe kamba za viatu na kuchezea simu. Sisi tunampa kona moja, ya vitabu au ya duka, na mwalimu anamweleza asubuhi watoto wafanye nini pale, na yeye asiwafanyie nini. Hilo la pili ndilo gumu. Mtu mzima akimwona mtoto anahangaika na kifungo, mkono unamwasha.

Ila jambo ambalo wazazi hawaliulizi, na ningependa waanze nalo, ni usalama. Wazazi wanaoingia darasani ni watu wazima usiowajua, na mtoto wako atakuwa mbele yao. Hapa mzazi hampeleki chooni mtoto asiye wake; hiyo ni kazi ya mwalimu au msaidizi wetu. Hapigi picha. Haadhibu, hafinyi, hatishii fimbo, hata kama nyumbani kwake ndivyo wanavyolea. Mwenye kikohozi au homa anabaki nyumbani na zamu inahamishwa. Na aliyoyaona darasani hayatoki nje: habari kwamba mtoto wa fulani bado anajikojolea haiendi saluni wala kwenye kundi la WhatsApp. Shule ikikosa majibu ya mambo haya, uzuri wa rangi za ukutani usikudanganye.

Jiandae pia kwa mwanao kudeka. Anayekaa vizuri siku zote anaweza kumng'ang'ania mama siku ya zamu, akataka kulishwa uji. Tunampanga mzazi kona iliyo mbali na mwanawe, na kwa kawaida baada ya zamu chache kelele zinaisha.

Na anayechoma vitumbua alfajiri, au konda wa daladala? Kuna shule zinazotoza faini kwa zamu iliyokosekana. Uliza mapema ni kiasi gani. Sisi hatupendi faini, maana humwumiza yuleyule asiye na muda. Asiyeweza kuja asubuhi anapewa kazi ya kufanyia nyumbani, kama kushona vifuko vya kurushia au kukaza miguu ya viti. Bibi na babu wanakaribishwa sana, na bibi akisema "Paukwa!" darasa zima linaitika, hata wale tunaohangaika kuwatuliza. Dada wa kazi tunampokea kama ndiye anayeshinda na mtoto, lakini zamu zote zisiwe zake.

Kama hata hizo kazi za nyumbani huwezi, kwa mwaka huu tafuta shule ya kawaida nzuri. Zipo, na hatutanuna.

Anayetaka kujionea aje asubuhi ya siku ya shule, saa mbili na nusu hadi baada ya uji. Aje na mtoto, na asivae nguo anayoionea huruma, kwa sababu wiki hii kona ya udongo wa mfinyanzi iko wazi.