Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusoma majengo ya kale ya Misri, habari zenu popote mlipo. Taarifa imechelewa kidogo naombeni radhi, ila mwaka huu una mambo na sikutaka niandike haraka haraka.

Naanza na lililonifurahisha kuliko yote. Abu Mena imetoka kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini! Kwa mliojiunga juzi juzi, huu ni mji wa kale wa mahujaji Wakristo, uko kusini magharibi mwa Alexandria huko Misri, una mabaki ya makanisa, hamamu, karakana na kaburi la Mtakatifu Mena. Kilichokuwa kinaumaliza sio vita wala wezi, ni kilimo. Walileta umwagiliaji maeneo yale, maji yakapanda chini ya ardhi, na udongo wa pale ni wa mfinyanzi, ukilowa unalegea kama uji, basi majengo yakawa yanatitia mpaka ikabidi lile pango la kaburi wajaze mchanga lisiporomoke. Mji uliingia kwenye orodha 2001, ukakaa miaka 24, na Julai mwaka huu ndio umetolewa baada ya kufungwa pampu za kuvuta maji, zinatumia umeme wa jua. Nilivyoiona ile habari nilimshukuru Mungu kwakweli.

Ndio maana niliwaomba mwaka huu tuyaweke piramidi pembeni kidogo tusome maji na chumvi. Najua wapo ambao hawakupenda, walitaka tuendelee na Saqqara, kwenye ile piramidi ya ngazi aliyoisanifu Imhotep, na Imhotep ni Imhotep sina ubishi. Lakini jamani jengo la Misri hata liwe la Farao au la sultani likishakunywa maji ugonjwa ni ule ule, maji yanapanda ndani ya jiwe yamebeba chumvi, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki inavimba na kubandua uso wa jiwe, na kwenye uso ndio kuna michoro na maandishi yote. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike 1970 mashamba yanamwagiliwa mwaka mzima, ndo mana mahekalu ya Karnak na hekalu la Luxor ikabidi wachimbe mifereji na kufunga pampu kushusha maji.

Sehemu iliyotukolea zaidi ilikuwa tofali la udongo. Nyuma ya Ramesseum, hekalu la Ramses II, kuna maghala yenye paa za kuba za tofali bichi, udongo na majani basi, na zina zaidi ya miaka 3,200 bado zipo. Msanifu majengo wa Misri, Hassan Fathy, alizitazama hizo, akaenda kwa mafundi Wanubi, watu wa kusini mwa Misri, waliokuwa bado wanajua kujenga kuba bila mbao za kushikilia chini, akawaleta kujenga kijiji cha Gourna Mpya, karibu na Luxor, miaka ya 1940. Leo nyumba nyingi alizojenga pale zimebomolewa wakajenga za zege, inauma, ila msikiti wake upo na UNESCO wamesaidia kukarabati majengo ya umma.

Hapa naomba nisisitize kitu, ukarabati wa saruji kwenye kuta hizi za zamani ni makosa. Chokaa inapumua, saruji inafungia unyevu ndani na chumvi inahamia kwenye jiwe la zamani lililo jirani. Wanachama wa Lamu na Zanzibar mnalijua hili vizuri, kwenye kikao cha mwezi wa tisa nyie ndio mlituelewesha sisi wengine.

Hela: ada za wengi hazijaingia, kwahiyo safari ya Cairo imesogezwa mbele. Tukiipata tutaanza na msikiti wa Ibn Tulun, ulimalizika 879 na ni wa tofali za kuchoma, halafu mitaa ya zamani iliyoumizwa na tetemeko la Oktoba 12, 1992. Wenye picha za kuta kabla na baada ya ukarabati zitumeni kwa katibu kabla ya kikao cha Januari, andikeni na tarehe mliyopiga maana bila tarehe hazitusaidii.